Kuketi kwa Namba

3 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na kaka na wifi na wajukuu zako wasiojua kunyamaza. Miguu inaendeleaje? Ile dawa ya kuchua inasaidia, au umeiweka kabatini pamoja na zile nyingine? Sisi huku wazima. Baba watoto anakusalimu. Mimi uzima wangu ni wa kutembea tu. Darasa la tatu mwaka huu lina watoto sabini na mmoja, na jioni nikivua viatu sitaki hata mtu aniite.

Nina jambo, na afadhali nikueleze wewe kuliko mwalimu mwingine hapa shuleni, maana wewe hata ukinigombeza utanigombeza kwa haki.

Wiki iliyopita nilishikwa na mafua, sauti ikakauka kabisa. Siku tatu nikafundisha kwa chaki tu. Maswali ubaoni, maelezo ubaoni, hata "fungeni madaftari" niliiandika. Siku ya tatu nikasahihisha zoezi la hesabu. Kuna binti tunamwita Bi Ndiyo, kwa sababu kila ukimuuliza kitu jibu lake ni ndiyo. Umeelewa? Ndiyo. Umefanya kazi ya nyumbani? Ndiyo. Iko wapi? Ndiyo. Watoto wanamcheka, na mimi, Mungu anisamehe, nimewahi kucheka nao. Niko naye tangu mwaka jana akiwa darasa la pili, na hajawahi kuachia mkia. Siku hiyo alipata tisa kwa kumi.

Nikasema huyu kaibia. Nikaangalia daftari la jirani yake, jirani kapata tatu. Kesho yake sauti imesharudi, nikajipenyeza ukutani nyuma ya dawati lake nikamwita jina. Kimya. Nikaita kwa nguvu, darasa zima likageuka, naye akageuka baada ya kuona wenzake wamegeuka. Akanitazama mdomoni. Akasema ndiyo.

Mama, hasikii. Labda anasikia kidogo, lakini sauti yangu haimfikii. Mwaka mzima na mwezi mmoja nimemfundisha bila kujua. Na unajua kwa nini sikujua? Tunauliza wote, wanajibu wote. "Mmeelewa?" "Tumeelewa, mwalimu." Midomo sabini inafunguka, na wa kwake unafunguka nayo. Kwenye ripoti yake ya mwaka jana niliandika kwa mkono wangu: Mvivu, ajirekebishe.

Sasa nataka nimlete mbele, na hapo ndipo nilipokwama. Bado tunaketi kwa namba, kama ulivyotuachia ulipostaafu ukuu wa shule hii. Wa kwanza hadi wa tatu dawati la mbele, na kuendelea, na wa mwisho ukutani. Kila mtihani unamsogeza mbali na mdomo wangu, na akiwa mbali anafeli zaidi. Utaratibu ni wako. Nifanyeje?

Mwanao


15 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Huku tu wazima. Miguu iko palepale ilipo, na hilo ndilo tatizo lake. Dawa ya kuchua ameimaliza kaka yako kwa mgongo wake, na mgongo wenyewe hauna kitu ila uvivu wa kuinama. Msalimie baba watoto.

Umeniandikia kurasa mbili kunieleza kwamba umekosa. Nimezisoma mara mbili, na ni kweli umekosa. Mwalimu gani anaridhika na kuitikiwa? Darasa likiitikia pamoja, wanaojua ni kumi na waliobaki ni kwaya. Lakini yaliyopita si ndwele.

Sikiliza. Usiongee na ubao. Andika kwanza, geuka, ndipo useme. Usisimame na dirisha mgongoni, uso wako utakuwa kiza na mtoto hataona kitu. Usipige kelele, ukipiga kelele mdomo unapinda. Mwite mama yake, kwa adabu, usimwite kama mshtakiwa. Na mlete huyo binti mbele, yeye mmoja, kimyakimya.

Ila utaratibu usiuguse. Naona unakoelekea, nimekuzaa. Nilipofika shule ile watoto walikuwa wanaketi kwa hadhi ya baba zao. Mtoto wa mwenye gari mbele, mtoto wa mchimba mitaro nyuma, na hakuna aliyeona ajabu. Mimi ndiye niliyesema namba yako ya mtihani ndiyo itakayokuketisha. Mtoto wa mchimba mitaro akakaa mbele ya mtoto wa daktari. Nilitukanwa kwa ajili hiyo, hata kanisani kuna mtu hakunipa mkono mwaka mzima. Ule ndio ulikuwa usawa, mwanangu, na uliniuma kuupata. Usije ukauvunja kwa sababu ya mtoto mmoja.

Na usinipigie simu kuhusu jambo hili, niandikie. Simu za siku hizi zinakwaruza.

Mama yako


6 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Tumepokea salamu zako. Sisi wazima, mtoto wetu wa mwisho alikuwa na kikohozi lakini kimepungua. Nawe usimwonee kaka, anakubeba ngazini kila Jumapili.

Nilifanya ulivyosema. Bi Ndiyo nimemleta dawati la mbele, nikamketisha kando ya Namba Moja, na Namba Tatu nikamrudisha dawati moja nyuma. Hiyo kimyakimya ilidumu siku mbili. Siku ya tatu akaja baba wa Namba Moja. Humjui, amehamia baada yako. Ni mwenye duka la dawa na ni mjumbe wa kamati ya shule, anaongea kama anayesoma maelekezo ya chupa. Akaniambia binti yake amelipigania dawati lile tangu darasa la kwanza, na hawezi kukubali abanwe na mtoto wa nyuma atakayemvuta chini. "Mwalimu, kila mtu akae alipostahili." Nikamweleza kwamba yule hasikii. Akasema pole zake, lakini shule si hospitali.

Mama yake Bi Ndiyo naye alikuja. Ni mpiga pasi, ana meza yake chini ya ngazi za jengo la benki, mikono imejaa alama za moto. Nilianza kwa adabu kama ulivyonielekeza, nikazunguka weee, akanikatisha. "Najua hasikii, Mwalimu. Tangu ana miaka mitatu, alipopata homa." Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema alisema, shule mbili. Ya kwanza wakamwambia ampeleke shule ya bweni ya watoto wasiosikia, siku mbili kwa basi, na kule wamejaa. Ya pili hawakumwambia chochote, walifunga daftari la kuandikishia tu. Ndipo akaketi na mwanawe nyumbani akamfundisha kutazama midomo na kujibu ndiyo. "Mtoto anayesema ndiyo hasumbui mtu," akasema, "na asiyesumbua hafukuzwi." Nilimpa maji akanywa, akarudi kwenye pasi yake.

Sasa Mkuu wa shule ameamua. Ni huyohuyo mwanafunzi wako uliyekuwa ukimwita Msumari kwa jinsi alivyokuwa akikaa wima. Amesema binti abaki mbele mpaka mtihani wa muhula, tarehe 14 Aprili. Akishika mkia tena, arudi nyumbani angojee nafasi kule bweni, kwa sababu anashusha wastani wa shule na kamati inalalamika. Wewe na mimi tunajua hiyo nafasi haipo. Akirudi nyumbani atakaa chini ya ngazi akimpulizia mama yake makaa, basi.

Karatasi za kuandika ataziweza. Kinachoniogopesha ni imla. Msimamizi anasoma akitembea nyuma ya watoto ili wasiibiane, na hiyo pia ni kanuni yako. Hataona mdomo hata mara moja. Nimemwomba Msumari imla isomwe kutoka mbele. Akasema, "Kanuni za Bi Mkubwa mimi sizigusi."

Basi mwandikie, Mama. Hakuna mwingine atakayemsikiliza. Mistari mitatu tu.

Mwanao


30 Machi

Mama,

Shikamoo. Wiki ya nne sasa hujajibu. Kaka anasema u mzima na unakula, ila umekuwa mkimya. Kama umekasirika, kasirika kwa kalamu, nimezoea.

Hapa nimechoka hoi. Nimeacha kabisa kuuliza darasa zima. Nauliza mmojammoja, na hilo limenifungulia balaa, maana nimegundua wengine watano waliokuwa wamejificha kwenye kuitikia. Mmoja haoni mbali. Mmoja hajui kusoma kabisa, anakariri kurasa kwa picha. Hao wote wananingoja mimi. Nikiandika na kugeuka, kuandika na kugeuka, ikifika saa sita shingo imekaza kama ya mbuzi wa sokoni. Madaftari sabini na moja nayabeba nyumbani. Baba watoto anasema mimi nimeolewa na darasa, yeye ni mpangaji.

Bi Ndiyo anajitahidi kuliko mimi. Namba Moja ndiye anayemwonyesha ukurasa, sikumwambia, kaanza mwenyewe.

Zimebaki wiki mbili. Sina mwingine wa kumwomba.

Mwanao


5 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Nilikasirika, ndiyo. Barua yako ya Machi ilinikuta niko tayari kugombana na mtu. Nilianza kukujibu mara tatu nikachana. Nilitaka kukwambia kwamba utaratibu wangu ulipeleka watoto sekondari ambao baba zao hawajui kushika kalamu, na ni kweli uliwapeleka.

Halafu likatokea hili, na usimwambie kaka yako, nitamwambia mwenyewe. Wifi yako alikuwa jikoni, kanipa mgongo, akaniuliza kitu. Nikajibu ndiyo. Jioni nakuta kitanda changu kimehamishiwa sebuleni, na chumbani kwangu wamo wageni wake watatu na mabegi. Nilipouliza, akashangaa. "Si nilikuuliza, Mama, ukasema ndiyo?" Nilikuwa sijasikia hata neno moja. Na si mara ya kwanza. Tangu mwaka juzi napotelewa na maneno, na badala ya kusema rudia, nasema ndiyo, nakohoa, nacheka wengine wakicheka. Simu hazikwaruzi. Ni mimi.

Nikiwa nimelala pale kwenye kochi la sebuleni nikamfikiria huyo binti wako mwenye miaka tisa. Mimi mtu mzima, niliyeamuru walimu kumi na wanane, naona aibu kusema sisikii. Yeye angesema kwa nani? Na katika miaka yangu ishirini na sita, wale walioketi ukutani nikiwaandikia wazembe, wangapi walikuwa wazembe kweli? Sijui. Sikuwahi kwenda kusimama nyuma yao nikawaita.

Nimemwandikia Msumari. Sikumwandikia mistari mitatu, nimemwandikia ukurasa. Nimemwambia kanuni zile nilizitunga mimi, na mimi nimezifuta, imla isomwe kutoka mbele na watoto waketi panapowafaa. Barua yake nimeiposti pamoja na hii. Nisamehe kwa kukawia.

Mama yako


27 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa masikio. Ulipoandika habari ya kitanda nilicheka, kisha nikalia, baba watoto akadhani umefariki. Mwambie kaka akupeleke kwa daktari. Ukiwa na wifi, mwambie akuangalie ndipo aseme. Ni hivyo tu, hata mimi nimejifunza juzi.

Sasa habari. Barua yako haikufanya kitu. Nakwambia wazi kwa sababu ungeniuliza. Ilifika kabla ya mtihani, Msumari akaisoma amesimama, kwa heshima, akaikunja akaitia mfukoni. Akasema, "Bi Mkubwa umri umemwelemea." Siku ya imla, kwa kuwa hakuniamini, akaja kuisoma mwenyewe.

Akawa anatembea huko nyuma. Bi Ndiyo kashika penseli, anazungusha kichwa kutafuta mdomo, na mdomo hauonekani. Sentensi ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Ya tatu, Namba Moja akaweka kalamu chini, akamgeukia, akairudia sentensi kwa midomo bila sauti, polepole, kama ninavyofanya mimi darasani. Bi Ndiyo akaandika. Ya nne hivyohivyo. Wakafika ya saba ndipo Msumari akawaona. Akazichukua karatasi zote mbili akaandika sifuri kwa wino mwekundu, hapohapo, mbele ya wenzao. Mimi nilikuwa mlangoni. Sikusema neno, Mama. Niliogopa, na nilikuwa nimechoka, na sijui lipi lilizidi.

Matokeo yakatoka. Bi Ndiyo wa sabini na moja. Namba Moja, kwa ile sifuri, wa hamsini na nane. Jumatatu watoto wakaketi kwa namba. Namba Moja akabeba begi lake akaenda nyuma bila kulia. Bi Ndiyo naye akabeba lake akarudi ukutani, na mama yake akaitwa aje Alhamisi kwenye kamati kupewa barua ya kumtoa.

Basi Alhamisi hiyo mwenye duka la dawa alifika wa kwanza. Hakungoja hata kikao kifunguliwe. Akasema binti yake hakuiba. Akasema alikuwa anamsomea mwenzake asiyesikia, na tangu lini kumsaidia asiyesikia ikawa wizi? Akasema ni ukatili kumtupa mtoto nyuma kwa sababu ya karatasi moja, pale nyuma hata ubao hauonekani, alikwenda kukaa mwenyewe akajaribu. Akasema imla inayosomwa migongoni mwa watoto si mtihani. Kila nililomwambia Machi akalikataa, alilisema yeye, kwa sauti kubwa, kama kaligundua yeye. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nilitamani kusimama nimkumbushe maneno yake ya kila mtu akae alipostahili. Nikajikaza.

Mpiga pasi alikuwa ameketi karibu na mlango. Mwenyekiti akamuuliza kama ana la kusema. Akasema, "Mimi na yeye tunakubaliana." Watu wakacheka kidogo. Yeye hakucheka.

Kamati ikaamua imla irudiwe, nikaisoma mimi kutoka mbele. Bi Ndiyo kapata kumi na moja kwa ishirini, amekuwa wa sitini na tatu. Habari ya kumtoa shule haikutajwa tena, Msumari aliiruka kama dimbwi. Kuketi kwa namba kumefutwa. Wasiosikia na wasioona mbali wanakaa mbele, waliobaki wanabadilishana kila Jumatatu.

Ningependa kukwambia tulishinda kwa sababu ya haki. Ilikuwa baba mmoja aliyeumia roho kwa ajili ya mwanawe. Lakini binti yumo darasani, na mama yake bado yuko chini ya ngazi peke yake na pasi yake. Nimeridhika. Nataka kulala wiki nzima.

Mwanao


8 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimepelekwa kwa daktari. Sikio la kulia limekwisha, la kushoto litanivumilia. Wifi yako sasa ananigeukia akisema, anapanua mdomo kama anayeng'olewa jino, lakini namshukuru. Chumba nimerudishiwa.

Sikuumia kwamba barua yangu haikufaa. Niliumia kidogo. Acha Msumari aseme nimezeeka, ni kweli, na yeye yuko njiani.

Tangu nisome barua yako kuna jambo haliniachii. Yule mwenye duka la dawa, mtu wa kujipenda vile, alipoona mwanawe kapelekwa nyuma alikwenda akakaa pale akajaribu kuutazama ubao. Mimi nilikuwa na mwanangu.

Ulikuwa darasa la nne, nikikufundisha mimi. Uliugua homa, ukakosa masomo mwezi mzima, ukashika namba ya hamsini na tatu. Nikakupeleka nyuma, wewe mwanangu, ili watu wasiseme nampendelea wangu, na nilijisifu kwa hilo mbele ya walimu wenzangu. Ulikaa kule muhula mzima, na mtihani uliofuata ukashuka zaidi. Nikakuchapa kwa uzembe. Mwaka uliofuata daktari akakupa miwani. Miaka yote hii sikuwahi kuziweka hizo habari mbili pamoja. Nimeziweka juzi.

Hukuniambia kitu wakati ule. Sasa nakuuliza mimi, na unijibu ukweli, usinionee huruma kwa uzee wangu. Pale nyuma, ulikuwa unaona ubao?

Mama yako


16 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, shule zimefungwa, nimelala siku mbili.

Sikuwa naona. Nilikuwa nanakili kwa binti wa fundi viatu aliyekaa kando yangu, naye alikuwa anakosea, ndiyo maana tulianguka pamoja. Nilitaka kukwambia siku moja jioni. Nikaja mpaka mlangoni, nikakuta umelala juu ya madaftari na kalamu mkononi, nikaona umechoka.

Mwanao